Safari ya Wanafunzi ya Warsha na Tamthilia, London na Stratford: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kundi la wanafunzi kutoka Afrika Mashariki linapojiandaa kwenda Uingereza kwa warsha za uigizaji na kutazama tamthilia, maswali ni yaleyale. Wazazi huanza na viza na usalama, walimu huanza na bajeti, wanafunzi huanza na simu. Hapa tumeanza na mambo ya msingi. Yale magumu yako mwishoni.

## Mambo ya msingi

Hii ni safari ya masomo au ya kutembea?

Ni ya masomo, na ratiba lazima ionyeshe hivyo. Asubuhi warsha, mchana kupumzika au kutembelea mahali panapohusiana na tamthilia ya siku hiyo, usiku ukumbini, na kesho yake kabla ya jambo lingine lolote kundi linakaa na kuzungumzia lilichokiona. Mazungumzo hayo ndiyo hukatwa kwanza ratiba ikibana, na ndiyo yasiyopaswa kuguswa. Mwanafunzi aliyetazama maonyesho matatu na kuyajadili anarudi na mengi kuliko aliyetazama saba akakumbuka majina tu.

Saa ya Big Ben mtaiona njiani. Haihitaji kutengewa siku.

Kwa nini London?

Kwa sababu ndani ya eneo dogo mnapata aina nyingi za jukwaa. Kando ya mto Thames, upande wa kusini, kuna Shakespeare's Globe, ukumbi wa mbao ulio wazi juu. Kutembea kidogo kufuata mto mnafika National Theatre, jengo la zege lililofunguliwa mwaka 1976 lenye kumbi tatu za maumbo tofauti. Mkivuka daraja mnaingia West End, ambako kuna michezo ya muziki ya gharama kubwa na kumbi za zamani zenye ghorofa za viti. Mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba umbo la jukwaa hubadilisha uigizaji wenyewe, jambo ambalo darasani hubaki nadharia.

Twende mwezi gani?

Kama mnataka Globe, nendeni kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa ukumbi ule hauna paa katikati na msimu wake ni wa majira ya joto. Juni ina mwanga mrefu: jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo hata onyesho la jioni huanza mchana mweupe. Julai na Agosti wageni ni wengi na vyumba hupanda bei. Msimu wa baridi una faida zake, hasa bei, lakini usiku huingia saa kumi alasiri na wanafunzi huchoka mapema.

Tutazame maonyesho mangapi?

Kwa safari ya siku nane, manne yanatosha. Chagueni yasiyofanana: moja la Shakespeare, moja jipya la mwandishi aliye hai, moja la muziki, na la nne mliache wazi mpaka mfike, kwa sababu kuna onyesho ambalo mji mzima utakuwa ukilizungumzia na ninyi hamkulisikia kabla.

Lazima niwe mwigizaji?

Hapana. Wanaoandika, wanaoshona maleba, wanaopenda taa na sauti, hata wanaopanga tu mambo ya kundi, wote wana nafasi. Ila warsha nyingi humtaka kila mtu asimame na kushiriki. Ukikaa pembeni na daftari, mwalimu wa warsha atakuita.

## Viza, idhini na pesa

Tunahitaji viza gani?

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Uingereza kabla ya kusafiri. Kwa safari fupi ya namna hii, inayoombwa kwa kawaida ni ya mgeni, iitwayo Standard Visitor, ambayo humruhusu mtu kukaa hadi miezi sita. Kila msafiri anaomba yake, mtoto kwa mtu mzima. Hakuna fomu moja ya kundi zima. Maombi hujazwa mtandaoni, si zaidi ya miezi mitatu kabla ya tarehe ya safari, kisha mwombaji anakwenda mwenyewe kituoni kutoa alama za vidole na kupigwa picha. Majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu, lakini msipange kwa wiki tatu. Pangeni kwa nane.

Barua ya shule ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Iseme safari ni ya nini, tarehe, nani anaongoza, nani analipa, na mtalala wapi. Ambatanisheni barua ya mahali mtakapofanyia warsha. Anayelipa gharama aonyeshe uwezo wa kulipa, na akaunti ya benki ionyeshe mwenendo wa kawaida. Pesa nyingi zilizoingia juzi huzua maswali.

Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 anahitaji nini zaidi?

Idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi, yenye saini na mawasiliano, inayotaja safari, malazi na mtu mzima atakayekuwa naye. Viza ya mtoto anayesafiri na mtu mzima humtaja mtu huyo, na zaidi ya mmoja anaweza kutajwa. Tajeni wawili. Sababu yake iko kwenye swali la mwalimu aliyeshindwa kusafiri, karibu na mwisho.

Wazazi waliotengana wamalize mazungumzo yao kuhusu idhini hiyo mapema.

Pesa zinaishia wapi?

Ndege na malazi humeza sehemu kubwa. Tiketi za maonyesho, ambazo watu huziogopa, zinaweza kuwa sehemu ndogo mkijua mahali pa kuzipata (tazama swali la tiketi). Kinachowashangaza wengi ni matumizi madogo ya kila siku: maji, chai, vitafunio wakati wa mapumziko ukumbini. Chupa ya maji ya kujaza tena inaokoa paundi nyingi, kwani maji ya bomba ya London yananyweka.

Wekeni bajeti ya warsha kando na msiikopeshe kwa kitu kingine. Kundi likipungukiwa, likate onyesho moja la muziki na kubakiza warsha.

Mwanafunzi akiugua?

Bima ya safari si hiari. Huduma ndani ya idara ya dharura ya hospitali ya umma haitozwi hata kwa mgeni, lakini akilazwa hapo gharama zinaanza, na kwa mgeni asiye mkazi zinatozwa kwa kiwango cha juu kuliko cha kawaida. Namba ya dharura ni 999. Mwenye dawa za kila siku abebe za kutosha kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

## Ndani ya warsha

Kunafanyika nini hasa?

Warsha ya kawaida huchukua kama saa moja na nusu hadi mbili, na mara nyingi anayeiongoza ni mwigizaji au mwongozaji anayefanya kazi hiyo jukwaani. Mtaanza kwa kupasha mwili moto na kufungua sauti: kupumua kutoka tumboni, kunyoosha taya, kutupa neno hadi ukuta wa mwisho bila kupiga kelele. Kisha michezo ya kuaminiana na kuitikiana. Halafu mistari michache ya tamthilia, pengine sita tu, ambayo mtaisema mkitembea, mkigeuka kila penye nukta, mkinong'ona, mkigombana.

Wanafunzi waliozoea kukariri tendo zima kwa ajili ya mashindano ya shule hushangaa: saa nzima kwa mistari sita? Ndiyo. Huko ndiko mtu hugundua kwamba mhusika anabadili mawazo katikati ya sentensi, na kwamba mwili ulipaswa kubadilika naye. Mashindano yametufundisha sauti kubwa na ishara pana, na hizo ni nguvu za kweli. Warsha inakufundisha kuchagua lini uzitumie.

Mkitaka tofauti, ombeni warsha ya mapigano ya jukwaani au ya uigizaji wa papo kwa papo. Ya mapigano hupendwa na wote, na inafundisha nidhamu kuliko hotuba yoyote ya mwalimu, kwa kuwa anayeonekana kupigwa ndiye anayeongoza tendo zima.

Kiingereza changu ni cha darasani. Nitaelewa Shakespeare?

Waingereza wenyewe hawamwelewi wote. Lugha yake ina zaidi ya miaka mia nne, na watazamaji wengi hufuata kwa mwili na sauti za waigizaji. Fanya mambo mawili kabla ya safari: soma muhtasari wa kisa, na kama ipo, isome kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, yaani The Merchant of Venice, ilitoka 1969. Mkibahatika kukuta moja ya hizo jukwaani, mtaingia ukumbini mkiwa mbele ya wengi.

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili analo tayari bila kujua: anajua kuhesabu mizani. Mshororo wa shairi la kawaida la kimapokeo una mizani 16, nane kwa nane. Mstari wa Shakespeare una silabi 10, nyepesi na nzito zikipokezana mara tano, na mara nyingi hauna vina. Basi uhesabu kwa vidole kama unavyohesabu shairi. Ukikuta silabi ya 11 imening'inia mwishoni, kama kwenye mstari maarufu wa Hamlet anapojiuliza kuhusu kuwapo na kutokuwapo, jiulize mhusika ana nini moyoni hata kipimo kisimtoshe. Swali hilo ndilo mwalimu wa warsha atakuuliza, na mara nyingi wanafunzi wetu hulijibu haraka kwa sababu wamelelewa kwenye vipimo.

Na Kiswahili si kigeni kwenye jukwaa lile. Mwaka 2012, katika tamasha lililoleta tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, The Merry Wives of Windsor ilichezwa Globe kwa Kiswahili.

Nivae nini?

Suruali unayoweza kukaa nayo sakafuni, viatu bapa, bila mikufu wala pete kubwa. Anayevaa hijabu achague ya kujibana isiyotegemea pini. Sare ya shule iache kwa siku ya picha.

Naweza kurekodi?

Uliza kabla. Waongozaji wengi wa warsha hukataa kurekodiwa, kwa kuwa mtu anayejua anarekodiwa haachi kujilinda, na anayejilinda hajaribu kitu kipya. Beba daftari.

## Ukumbini

Ni kweli Globe watu husimama?

Ni kweli, na simameni. Uwanja ulio mbele ya jukwaa hauna viti. Tiketi zake ndizo za bei ndogo kuliko zote na ndizo zilizo karibu zaidi na waigizaji. Kukaa chini wakati wa onyesho hakuruhusiwi. Mwavuli pia hauruhusiwi, kwa sababu unawaziba wa nyuma. Mvua ikinyesha mnavaa makoti ya plastiki na onyesho linaendelea. Hesabuni saa mbili na nusu hadi tatu kwa miguu, kwa hiyo siku hiyo msitembee mji mzima asubuhi.

Hapo mwigizaji anawaona. Taa haziwekwi ili kuwaficha watazamaji gizani. Anaweza kumwangalia mmoja wenu usoni na kumuuliza swali la mhusika. Watoto wetu, waliozoea kumjibu mwigizaji, mara nyingi hujibu, na pale hakuna anayewanyamazisha.

Jengo lenyewe si la enzi ya Shakespeare. Globe ya kwanza iliungua mwaka 1613 baada ya mzinga uliopigwa wakati wa onyesho kuwasha makuti ya paa. Ikajengwa tena, kisha kumbi zote za London zikafungwa mwaka 1642. Hii ya sasa ilifunguliwa 1997, hatua chache kutoka ilipokuwa ya zamani, kwa juhudi za mwigizaji wa Marekani Sam Wanamaker, aliyefariki kabla haijakamilika. Mkienda msimu wa baridi, ndani ya eneo hilohilo kuna ukumbi mdogo wenye paa uliopewa jina lake, ambako huigizwa kwa mwanga wa mishumaa.

Tiketi za bei nafuu zinapatikana wapi?

Andikieni kitengo cha elimu au cha makundi cha ukumbi husika moja kwa moja. Kumbi nyingi zina bei ya shule, hasa kwa maonyesho ya siku za kazi, na wakati mwingine mwalimu huingia bure kwa idadi fulani ya wanafunzi. Kwa mtu mmoja mmoja kuna kibanda cha TKTS, kinachouza tiketi za punguzo, pale Leicester Square, na baadhi ya kumbi huuza viti vya siku hiyohiyo asubuhi. Kwa kundi la thelathini hiyo si njia.

Soma maelezo ya kiti kabla ya kulipa. Ukiona onyo kwamba kiti kina kizuizi cha kuona, mara nyingi ni nguzo. Ghorofa za juu za kumbi za West End zina ngazi za mwinuko mkali na nafasi finyu ya magoti. Anayeogopa urefu asipangwe huko.

Adabu za ukumbini ni zipi?

Fikeni nusu saa kabla. Aliyechelewa hungoja nje mpaka pafike pa kumwingiza, na hapo pengine ni wakati wa mapumziko. Simu zizimwe kabisa, kwani hata mwanga wa skrini humsumbua mwigizaji. Hakuna picha onyesho likiendelea. Kucheka na kupiga makofi ruksa, kuhadithiana hapana.

Je, kuna matusi au mambo ya faragha jukwaani?

Yapo, kwenye baadhi. Tamthilia mpya hasa hazioni haya. Kumbi huchapisha umri unaopendekezwa na maonyo kuhusu yaliyomo. Mwalimu ayasome kabla ya kununua, na mzazi atumiwe kabla ya kusaini idhini. Kumficha mzazi ili mambo yaende haraka huharibu safari ya mwaka unaofuata. Ila msikimbilie kukata kila chenye ukakasi, kwa maana Shakespeare naye ana mizaha ya chumbani ambayo vitabu vya shule huiruka bila kusema.

Stratford-upon-Avon inastahili siku nzima?

Inastahili, hasa mkilala huko. Shakespeare alizaliwa hapo mwaka 1564 na amezikwa katika kanisa la Holy Trinity, lakini kinachowafaa wanafunzi ni Royal Shakespeare Theatre. Ukumbi huo ulifanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2010, ukiwa na jukwaa linaloingia katikati ya watazamaji walioketi pande tatu. Kiti cha mbali kabisa sasa kiko mita 15 hivi kutoka kwa mwigizaji. Linganisheni na Globe, mjadiliane.

Treni hutoka stesheni ya Marylebone na huchukua zaidi ya saa mbili. Za usiku ni chache. Mkirudi siku hiyohiyo, chukueni onyesho la mchana.

## Siku hadi siku

Tutasafirije ndani ya London?

Kila mtu na kadi yake, iwe ya benki au ya Oyster, kadi ya nauli ya London. Kwenye treni za chini ya ardhi mnagusa kuingia na kutoka. Kwenye basi mnagusa mara moja, na basi halipokei pesa taslimu. Wenye miaka 11 hadi 15 wanaweza kuwekewa punguzo la mgeni kijana kwenye Oyster, mkimwomba mhudumu wa stesheni. Kundi ligawanyike makundi madogo yenye mtu mzima mmoja kila moja. Thelathini hawaingii behewa moja saa za kazi.

Chakula na sala?

Chakula halali kinapatikana kwa urahisi. Tatizo ni saa: maonyesho mengi ya jioni huanza saa moja na nusu usiku, kwa hiyo mle saa kumi na moja au mlale na njaa. Wakati wa kiangazi magharibi huingia onyesho likiendelea na isha huchelewa sana, basi wanaosali wapange na kiongozi wa safari mapema. Msikiti mkuu wa London uko Regent's Park. Mkiangukia Ramadhani, hamisheni warsha za mwili ziwe asubuhi.

Nibebe adapta ya umeme?

Ya nini? Soketi za Uingereza ni za pini tatu kama zetu.

## Mambo yasiyo ya kawaida

Mmoja wetu amenyimwa viza. Tufanye nini?

Barua ya kukataliwa hueleza sababu. Kama ni nyaraka zilizopungua na muda upo, anaweza kuomba upya kwa kulipa tena. Ndiyo maana tulisema wiki nane. Msinunue tiketi za ndege zisizorudishwa kabla ya viza kutoka, na makubaliano na wazazi yaseme wazi nani anabeba hasara.

Mwalimu aliyetajwa kwenye viza ya mtoto ameshindwa kusafiri.

Mtoto akifika mpakani na mtu mzima asiyetajwa anaweza kuzuiwa kuingia. Kama mlitaja wawili, wa pili anaendelea naye. Kama mlitaja mmoja, wasilianeni na mamlaka ya viza kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Msijaribu bahati.

Tuna mwanafunzi kiziwi na mwingine anayetumia kiti cha magurudumu.

Waje. Kumbi kubwa zina nafasi za viti vya magurudumu na bei maalumu kwa mwenye ulemavu na anayemsaidia, lakini nafasi ni chache, zikatwe kabla ya za wengine. Kwa mwanafunzi kiziwi tafuteni siku yenye maandishi kando ya jukwaa. Siku za tafsiri ya ishara hutumia lugha ya alama ya Uingereza, ambayo siyo ya kwetu. Asiyeweza kusimama saa tatu akatiwe kiti kwenye roshani za Globe, na rafiki akae naye.

Nina shangazi London. Naweza kwenda kulala kwake?

Kwa aliye chini ya miaka 18, hapana, isipokuwa jambo hilo liliandikwa kwenye idhini ya mzazi na kukubaliwa na shule tangu mwanzo. Shangazi anakaribishwa kuja kukuona hotelini au kununua tiketi akae nasi ukumbini.

Tunaweza kuigiza mchezo wetu huko?

Ndani ya warsha, mbele ya wenzenu na wenyeji wenu, ndiyo, na wenyeji hupenda. Kuigiza kwa malipo au mbele ya watu waliokata tiketi ni suala jingine chini ya masharti ya viza ya mgeni, na linahitaji kuulizwa rasmi kabla ya kuomba. Andaeni kipande cha dakika kumi kwa Kiswahili, kisichohitaji maleba mazito wala ngoma kubwa. Ngoma ndogo inaingia kwenye begi.

Tulikwenda kumwona mwigizaji maarufu, akaigiza mwingine.

Huyo ni mwigizaji wa akiba, na kwa kawaida ukumbi haulazimiki kurudisha pesa kwa hilo. Mtazameni kwa makini kuliko mlivyokusudia kumtazama yule maarufu: pengine amepewa taarifa mchana uleule, na anapita kwenye nyayo za mtu mwingine huku akitafuta za kwake. Kesho yake warshani muulizeni mwalimu namna kazi hiyo inavyofanywa. Wengi wao wamewahi kuifanya.